Gamba ni Zima, Ndani Kumekufa

Leo tuna maneno ya viatu, na si viatu vya harusi. Ukipita kwenye maduka ya kukodisha vifaa vya mlima pale Moshi, utayakuta mabuti ya plastiki yamepangwa ukutani kwa safu: ya njano, ya zambarau, ya kijivu. Yanang'aa, maana kijana wa duka ameyafuta asubuhi kwa kitambaa chenye mafuta. Mteja analigonga moja kwa kidole, anausikia ugumu wake, anaridhika. Mimi nakuomba usiligonge. Ingiza mkono ndani.

Buti la plastiki ni mabuti mawili. La nje ni gamba gumu lisilopitisha maji wala upepo, lenye soli ya kushika mwamba na kingo za kufungia meno ya chuma ya kutembelea kwenye barafu. La ndani ni buti kamili, laini, lina ulimi wake na mara nyingi kamba zake. Unalichomoa lote, na jioni unaweza kuzunguka nalo hemani. Plastiki yenyewe ilitoka kwenye viatu vya kuteleza thelujini, vilivyoenea miaka ya 1960, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Koflach ya Austria ikaileta kwenye buti la kupandia milima. Scarpa na Asolo za Italia nazo zikaingia. Kabla ya hapo watu walipanda kwa ngozi, na ngozi ikilowa mchana, usiku inaganda. Gamba la plastiki likaimaliza shida hiyo. Lakini gamba lenyewe halina joto. Ukilivaa tupu juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, alfajiri, baridi ikiwa imeshuka kufikia nyuzi 20 chini ya sifuri, ni kama umesimama ndani ya ndoo. Joto lote limo katika lile buti la ndani, ambalo hakuna anayelifuta kwa mafuta wala kulitazama.

Na hilo la ndani ndilo linalochakaa kwanza. Kila hatua inaigandamiza sponji, na sponji iliyogandamizwa imepoteza hewa, na hewa ndiyo iliyokuwa inazuia baridi. Basi mkono ukiwa humo ndani, bonyeza kwa dole gumba pale kisiginoni, kisha kwenye kifundo, kisha chini ya unyayo. Sponji iliyo hai inarudi mara unapoachia. Iliyokufa inabaki na alama ya kidole, au unaihisi kabisa plastiki iliyo upande wa pili. Pitisha vidole mbele, mahali vidole vya mguu vinapokaa, utafute mkunjo uliokauka ukawa mgumu. Huo ndio utakaokukata kucha wakati wa kushuka. Kisha nusa. Usione haya kunusa. Uvundo maana yake unyevu umelala humo tangu safari iliyopita, na unyevu hulihamisha joto la mguu kulipeleka nje upesi kuliko hewa kavu.

Sasa sikiliza mazungumzo ambayo ukikaa mlangoni mwa duka lolote la kukodisha utayasikia kabla ya saa sita mchana.

"Dada, unavaa namba ngapi?"

"Thelathini na tisa."

"Thelathini na tisa zimetoka. Chukua arobaini na moja hii, utavaa soksi tatu, itajaa."

Itajaa, ndiyo. Na usiku wa kilele dada yetu atafika mahali pa kupumzika juu ya kambi ya Barafu, anatikisa vidole, havijibu. Soksi tatu zimebanana, zinaubana mguu juu kwenye ukano na kwenye mgongo wa unyayo, mahali mishipa ya damu inapopita karibu na ngozi. Mguu hautengenezi joto lake wenyewe kwa kiasi cha kutosha. Unaletewa na damu. Ukiizuia damu, hata ukiurundikia sufu ya kondoo wote wa Manyara hautapata moto. Ndiyo maana mimi nashikilia jambo moja katika habari hii ya mabuti, na wenye maduka wananichoka nalo: vidole vikipata nafasi ya kucheza na kisigino kikatulia, mguu utakuwa na joto, hata kama buti la ndani si nene. Buti lililojazwa mpaka likabana ni baridi, hata lingekuwa la bei gani.

Kwa hiyo buti la ndani likifa, dawa yake ni kulibadilisha. Soksi ya ziada si dawa. Ila kabla hujatoa hata shilingi, lipime gamba.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapotupa fedha. Magamba mengi ya zamani yametengenezwa kwa plastiki ya poliyurethani. Plastiki hiyo ina ugonjwa wake: unyevu ulio hewani unaivunja ndani kwa ndani, taratibu, miaka nenda rudi, hata kama buti limelala stoo halijawahi kuuona mlima. Kwa nje linabaki zuri. Halafu siku moja, kwenye baridi kali, likipigwa jiwe au likikunjwa kwa nguvu, linapasuka vipande. Yamewapasukia wapandaji kwenye milima mbalimbali duniani, wengine wakiwa mbali kabisa na hema. Gamba la poliyurethani likishapita miaka kumi hivi, wenye uzoefu huanza kulitazama kwa jicho la pembeni. Yapo magamba ya plastiki za jamii ya nailoni ambayo yanastahimili zaidi, lakini nayo hayaishi milele.

Chomoa basi buti la ndani, lipeleke gamba juani. Tazama pande mbili za kifundo, pale linapokunjika. Tazama kuzunguka misumari inayoshika bawaba na vikulabu vya kamba. Tazama linapokutana na soli. Nyufa za mwanzo ni nyembamba kama unywele, mara nyingi zina weupe. Likunje kwa mikono yote miwili na usikilize. Ukiona ufa, ukisikia mlio, au ukigusa plastiki ukaikuta inanata, usilinunulie chochote. Na hata lisipoonyesha dalili, kama hakuna anayejua umri wake, mimi binafsi singembebesha mtu gamba hilo kwenda mahali pa kulala barafuni. Lile lililoletwa na mgeni mwaka 1995 akalitoa zawadi kwa mpagazi wake, na mpagazi akaliuza, na aliyenunua akalikodisha, gamba hilo lina historia ndefu kuliko ahadi zake.

Tuseme gamba ni zima. Sasa lipime na mguu wako. Ingiza mguu ukiwa na soksi moja nyembamba, gamba likiwa tupu. Sogea mbele mpaka vidole viguse plastiki kidogo tu. Mtu mwingine apitishe vidole vyake nyuma ya kisigino chako. Kama kinaingia kidole kimoja kinene au viwili vimebanana, yaani kati ya milimita 15 na 20 hivi, gamba hilo ni lako. Kikiingia kimoja kwa shida, vidole vya mguu vitapiga ukuta. Vikiingia vitatu, hakuna buti la ndani duniani litakalokiokoa kisigino chako, na wala usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye kisanduku.

Maana namba zenyewe zina ujanja. Kiwanda hakitengenezi gamba kwa kila nusu ya namba, ni ghali. Kwa kawaida gamba moja linahudumia namba mbili zinazopishana kwa nusu, na tofauti inafanywa na buti la ndani. Ndiyo maana unapotafuta la kubadilishia usiende na namba ya viatu vyako vya kanisani. Nenda na namba iliyochorwa kwenye gamba, na kama ipo, ile ya milimita inayohesabu urefu wa unyayo. Ukienda na rula pia, ukalipima buti la ndani la zamani kutoka nyuma ya kisigino hadi ncha, hutakosea sana. Jipya likizidi urefu wa ndani wa gamba litajikunja mbele, na mkunjo huo tumekwisha kuuzungumza. Likipungua, vidole vitaivuta sponji mpaka iwe nyembamba, tena hapohapo mahali panapohitaji joto kuliko kwingine kote.

Lipi sasa? Viwanda vingi vimeachana na buti la plastiki, vimehamia kwenye mabuti mepesi ya vitambaa vya kisasa, kwa hiyo kupata buti la ndani la kiwanda kilekile kilichotengeneza gamba lako si rahisi. Bado una njia. Yapo ya sufu iliyoshindiliwa au ya sponji iliyoshonwa kwa vitambaa, kama yale yaliyokuja na mabuti mengi ya zamani. Yanastarehesha tangu siku ya kwanza, lakini yanakunywa jasho, na ukiyalaza yakiwa na unyevu asubuhi utayakuta magumu. Yapo ya sponji nyepesi yenye vishimo vya hewa vilivyofungwa kila kimoja peke yake, ambayo hayanywi maji na yanafinyangwa kwa joto yafuate umbo la mguu. Kampuni ya Intuition ya Vancouver, Kanada, imejijengea jina kwa aina hiyo, na wapo wapandaji waliotupa ya kiwanda wakaweka ya kwao buti likiwa bado jipya. Ukiniuliza mimi, kwa mlima wa siku nyingi na baridi, nachukua ya kufinyangwa. Ni mepesi, na unyevu unabaki juu tu, unaufuta kwa kitambaa.

Angalizo moja. Kwenye mitumba, pale soko la Memorial mjini Moshi na kwingineko, hutokea mabuti ya ndani mazuri kabisa yaliyotolewa kwenye viatu vya kuteleza thelujini. Yanavutia na bei yake ni ya soko. Lakini yametengenezwa kwa ajili ya mtu anayeteremka ameegemea mbele, hatembei. Shingo yake ni ndefu na ulimi wake mgumu. Ukiliingiza katika gamba la kupandia mlima linachomoza juu, linakusugua muundi siku nzima, na kifundo hakikunjiki. Fundi anaweza kulikata shingo, ndiyo, na wapo wanaofanya hivyo vizuri. Hakikisha tu hakati mshono unaoushika ulimi.

Kufinyanga nako kuna adabu yake. Sponji inapopata joto inalainika na kuvimba. Inapopoa mguu ukiwa ndani, inabaki na sura ya mguu huo. Wanaotumia oveni ya kupulizia hewa huiweka kati ya nyuzi 110 na 120 kwa dakika kama kumi, ingawa karatasi ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Kama huna oveni ya namna hiyo, iko njia ya mchele: unajaza mchele mkavu katika soksi ndefu ya pamba, unaupasha kwenye maikrowevu mpaka utoe mvuke, unaiingiza soksi hiyo katika buti la ndani likiwa ndani ya gamba lake, unasubiri mpaka sponji ilegee. Jiko la mkaa, hapana. Moto wa gesi, hapana. Sponji hiyo ikipata moto wa upande mmoja inasinyaa na kung'aa kama ngozi iliyoungua, na hairudi tena.

Kabla ya kupasha, tayarisha mguu. Vaa kwanza soksi nyembamba, juu ya vidole uweke kofia ndogo ya sponji au ncha iliyokatwa ya soksi nzito, juu yake soksi nyingine nyembamba ya kuishikilia. Kofia hiyo ndiyo inayochonga nafasi ya vidole; ukiisahau, sponji itakumbatia vidole vyako kwa upendo mkubwa na hutaweza kuvitikisa. Kama una soli ya ndani unayoitumia, ikae chini ya mguu wakati huohuo. Buti likishalainika, vaa upesi, sukuma kisigino nyuma, nyoosha kila mkunjo kwa kiganja, hasa ulimi. Ingia katika gamba. Watu wengine huvaa mfuko wa nailoni juu ya buti la ndani ili liteleze lisijikunje, na ni akili nzuri. Gonga kisigino chini mara chache, funga kamba kwa kiasi, usiminye. Panda ncha ya buti juu ya kipande cha ubao ili kisigino kikae nyuma kabisa, kisha simama. Simama tu, dakika kumi na zaidi, mpaka lipoe. Usitembee, usijaribu kuona kama limekaa. Mtoto akikuita, mwambie baba amesimama. Likikaa vibaya linaweza kupashwa tena, lakini kila mara sponji inapungua unene kidogo, kwa hiyo usiifanye kuwa mchezo.

Na kuna jambo ambalo fundi wa Ulaya anaweza asikuambie, ila huku lina maana. Vile vishimo vya hewa vilivyofungwa havina mlango. Unalifinyanga buti Moshi, mita mia nane na kitu juu ya bahari, kisha unalipeleka kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani. Hewa iliyofungwa ndani ya sponji inatanuka. Mguu nao, kwa kutembea na kwa kimo, unavimba. Buti lililokukaa sawasawa dukani linakuwa limebana kule juu, na mtu anadhani ni uchovu. Kwa hiyo ukifinyanga, acha nafasi ya ziada kidogo, na usiku wa kilele funga kamba za chini kwa ulegevu kuliko ulivyozoea. Za juu ya kifundo zitaushikilia mguu.

Wakati wa kushuka geuza. Pale Stella Point, ukingoni mwa kreta, kabla hujaanza kuteremka kwenye ule mchanga wa mawe, kaa chini, kaza kamba za kifundo vizuri ili mguu usiteleze mbele. Watu wengi hupoteza kucha wakishuka, picha zikiwa zimeshapigwa na wenzao wameshaanza kuimba.

Sitaki umalize kunisikiliza ukaenda kukodi plastiki bila haja. Njia za kawaida za Marangu na Machame, katika hali ya hewa ya kawaida, zinapandwa na viatu vizuri vya kutembelea milimani na soksi nzuri ya sufu. Barafu imepungua mno tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na mtu wa njia hizo anaweza kufika kileleni bila kuikanyaga. Plastiki inamfaa anayekwenda kulala kreta, anayepitia upande wa Western Breach, au yule ambaye damu yake haifiki vidoleni vizuri na anajijua. Kule milima ya Rwenzori ndiko kuna mantiki nyingine kabisa: siku kadhaa za tope unatembea na buti la mvua, lile la mpira la mkulima, kisha pale kambi ya Elena, mita 4,541, ndipo unavaa buti la barafu kwenda kilele cha Margherita. Huko buti la ndani lililobebwa likiwa kavu katika mfuko wa nailoni lina thamani kuliko gamba jipya.

Ukiwa mlimani, lichomoe buti la ndani kila jioni. Lifute, uliachie hewa, kisha ulale nalo ndani ya mfuko wa kulalia, kama ni la sufu ulikumbatie kabisa. Usilianike karibu na jiko la mpishi. Mpishi mwenyewe atakuambia vilivyowahi kuungua pale.

Namalizia na wagumu, yaani wapagazi, maana mabuti haya mwisho wake ni kwao. Mgeni akimaliza safari anamwachia mpagazi buti, na mara nyingi gamba ni la namba 45 na mpagazi anavaa 41. KPAP, shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro lililo pale Moshi, huwaazima wapagazi nguo na viatu vya mlima bila malipo, na ni jambo la heshima. Lakini katika maduka, mabuti ya ndani yamechanganyika: la kushoto la 43 limo katika gamba la 42, la kulia halina ulimi, na anayepewa jozi hiyo kwa bei nafuu ni mtu aliyebeba kilo 20 za mizigo ya wengine. Mwenye duka anaona magamba mawili ya rangi moja, anasema ni jozi.

Kalamu ya wino mzito haigharimu kitu. Andika ndani ya ulimi wa kila buti la ndani namba ya gamba lake, kushoto au kulia, na mwezi lilipoanza kutumika. Likirudi kutoka mlimani lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, likaushwe kivulini, kisha libonyezwe kwa dole gumba kabla ya kurudi ukutani. Sponji isiporudi, liondoe, lakini usilitupe. Ukiikata vizuri sponji ya pale mgongoni, ambayo huchakaa mwisho, unapata vipande vya kujazia kisigino cha mtu mwenye mguu mwembamba, na zile kofia za vidole za kutumia siku ya kufinyanga la mteja mwingine.